Namna ya kushea nyumba Arusha mpaka hela ionekane

Watu wengi wakisikia habari ya kukaa nyumba moja na wenzako wanawaza kodi tu, kwamba laki tatu ikigawanywa kwa watatu kila mtu anatoa laki, basi imeisha. Aisee kodi ndo sehemu ndogo. Hela yenyewe iko kwenye vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kununua kwa ukubwa wake, gunia la mahindi mwezi wa nane, mtungi wa gesi wa kilo 15, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukikaa geto peke yako unanunua kila kitu kwa mangi kidogo kidogo, unga nusu kilo, mafuta ya kupima ya jero, mkaa wa kopo, na ukikaa chini ukapiga hesabu kwa kilo utakuta masikini ndo analipa bei kubwa kuliko wote mtaani. Wenzako watatu wanakutoa hapo. Ila kuna sehemu, hasa umeme, ambapo kukaa wengi kunaweza kukupandishia bei badala ya kushusha, na hiyo watu hawaisemi kabisa, wanakuja kushtukia luku inaisha kila baada ya siku mbili tatu na wanaanza kuangaliana vibaya.

Namba za kodi, nauli na chakula nitakazoweka humu ni za mfano, we weka za kwako.

Anza na nauli kabla hujaanza na kodi

Tuseme sa hivi unalipa chumba self Sanawari kwa 150,000 na kazi yako iko mjini, unatembea kwa mguu. Washkaji wamepata nyumba ya vyumba vitatu Muriet kwa 330,000, yani 110,000 kila mtu, umeokoa 40,000. Vizuri. Sasa weka kifodi, yani daladala zetu za huku, 600 kwenda na 600 kurudi, siku 26 za kazi, hiyo ni 31,200. Umebakiwa na 8,800, na hapo hatujahesabu siku umechelewa ukapanda boda. Kwa hiyo nyumba nzuri ya kushea sio ile ya bei ndogo kuliko zote, ni ile ambayo wote mnaokaa njia zenu zinakutana. Dereva wa magari ya utalii anayeamkia Njiro na dada anayefanya kazi hospitali ya upande wa Sakina wakikaa nyumba moja mmoja wao lazima aumie kwa nauli, na huyo ndo atakayehama wa kwanza.

Mkataba uwe na majina yenu wote

Mtindo uliozoeleka ni mmoja anasaini, wengine wanamtumia hela. Hiyo ikitokea kwa mwenye nyumba nyie wengine ni wageni wa huyo mmoja tu, akikorofishana naye mnatoka wote. Ombeni majina yote yaandikwe, kila mtu asaini, muwe na kopi kila mmoja, na mkaandikishiane kwa mwenyekiti wa mtaa kama mnavyojua. Muandike pia ndani kwa ndani, karatasi yenu wenyewe ambayo mwenye nyumba haimhusu, mtu akitaka kuondoka katikati anafanyaje. Sisi huku wengi tunalipa miezi sita au mwaka, sasa mtu akipata kazi Dodoma mwezi wa pili hela yake ya miezi minne iko kwa mwenye nyumba na hairudi. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: anayeondoka ndo anayetafuta mtu wa kuingia, wanaobaki wana haki ya kumkataa mtu kama hawamwelewi ila sio zaidi ya wawili, na anayeingia anamlipa moja kwa moja yule anayetoka. Mkishakubaliana hivyo hamna mtu wa kumdai mwenzake.

Na msigawe kodi sawasawa kama vyumba haviko sawa. Master yenye choo ndani na kile chumba cha uani ambacho kitanda kikiingia mlango haufunguki vizuri haviwezi kuwa bei moja. Njia rahisi, chukueni ile 330,000, kila mtu kwa siri aandike kwenye karatasi angelipa shilingi ngapi kwa kila chumba ila jumla lazima ije 330,000. Mkifungua mtaona wenyewe nani anaitaka master kweli. Inaweza ikaja 130,000 kwa master, 110,000 cha kati, 90,000 kile kidogo, na huyo wa 90,000 asije baadaye akalalamika kwamba hana dirisha kubwa, alijua.

Umeme, hapa soma taratibu

Tanesco wana bei mbili kubwa kwa sisi wa majumbani. Kuna wale wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100, ukizidisha zile za juu zinakatwa kwa 350. Afu kuna wa kawaida, uniti 292. Hapo bado hujaweka VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, ukijumlisha mdogo analipa kama 122 kwa uniti na wa kawaida kama 356.

Sasa angalia. Mtu mmoja mwenye taa, simu, televisheni na pasi ya mara mojamoja anaweza kutumia uniti 30 kwa mwezi, kwa mita ya matumizi madogo hiyo ni 3,660 tu. Mtu huyohuyo akihamia nyumba ya watu wanne, mita moja, matumizi ya jumla yanavuka 75 bila hata kujitahidi, nyumba iko bei ya kawaida, uniti zake zilezile 30 zinakuwa 10,680. Hajawasha kitu chochote cha ziada, kapandishiwa na wingi wa watu. Kwa hiyo kabla hamjachukua nyumba ombeni meseji ya mwisho ya tokeni ya luku, gawanyeni hela kwa uniti, mtajua mita iko daraja gani. Na kama uani kuna chumba chenye mita yake ya matumizi madogo, msikubali mwenye nyumba aiunganishe na nyumba kubwa eti kurahisisha.

Msishangae pia manunuzi ya kwanza ya mwezi yakija pungufu, pale inakatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka mzima 18,000. Buku kumi ya kwanza ya mwezi inaleta kama uniti 24 badala ya 28. Hiyo kodi kisheria ni ya mwenye jengo, sio ya mpangaji, kwa hiyo wakati wa kupatana kodi mwambieni kwa adabu tu kwamba baba, hii 18,000 tunaikata kwenye kodi ya nyumba. Wengine wanakubali, wengine watakuna kichwa, ila ukishamaliza kulipa ndo uanze kuuliza hamna atakayekusikiliza.

Adui mkubwa wa luku Arusha sio friji wala pasi. Ni mwezi wa sita mpaka wa nane, ile baridi, watu wanachovya hita kwenye ndoo kila asubuhi. Hita ya wati 1,500 kwa dakika 20 inakula nusu uniti. Ukioga maji moto kila siku kwa mwezi ni uniti 15, yani 5,340, wakioga wanne ni uniti 60 na elfu ishirini na moja na zaidi imeondoka na mvuke. Na kuna mmoja lazima atakuwepo ndani ya nyumba anayeoga maji baridi Julai, sijui wanatoa wapi moyo huo, ambaye ataona anaonewa na yuko sahihi. Suluhisho ni kuongeza 5,000 kwa kila anayetumia hita kwa miezi hiyo mitatu, basi, msianze kupigana doria bafuni. Msikimbilie gesi pia eti ndo nafuu, ndoo moja ya kuoga ukiichemshia kwenye jiko la gesi hesabu haishuki chini ya hapo, mara nyingi inapanda.

Kama kuna mtu ana kitu kizito chake binafsi, friji ya biashara ya juisi, mashine ya kushonea ya mota, saluni ya kificho chumbani, fundi afunge mita ndogo ya kupimia kwenye laini ya chumba chake. Tarehe moja kila mwezi mnasoma, mnazidisha kwa bei ya uniti, imeisha. Bila hiyo mita hiyo mada itatawala kila jioni.

Maji na vitu vidogo

Maji ya bomba kama yako na mita yake gaweni kwa kichwa, msijisumbue. Kwa wale wa sehemu ambazo bomba linatoka kwa zamu, kumbuka uniti moja ya maji ni lita 1,000, ni ndoo 50 za lita 20, ukiuziwa ndoo shilingi 100 uniti moja imekutoka 5,000, linganisha na bili ya jirani ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, utaelewa kwa nini simtanki la kuchanga linarudisha hela yake haraka. Ya kunywa nunueni yale madumu makubwa ya kubadilisha, maji ya huku kwetu Meru sehemu nyingi yana floraidi nyingi na kuchemsha hakuitoi. Taka, ulinzi wa mtaa, intaneti, hivi vyote kwa kichwa, sawasawa, awepo asiwepo.

Chakula, hapa ndo hela ilipo

Msichange kila kitu. Nyumba zinazochanga nyama na mayai na maziwa zinavunjika kwa sababu kuna anayefunga, kuna asiyekula ng'ombe, kuna anayeamka saa nane usiku kukaanga mayai matatu. Changeni msingi tu: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, chumvi, majani ya chai, gesi, sabuni ya vyombo. Kitoweo kila mtu na chake au mpatane siku hiyohiyo.

Sasa huo msingi ununueni kwa ukubwa na kwa majira, na majira ya huku yana kitu kizuri sana ambacho mtu mmoja hawezi kukifaidi. Angalia kalenda ya Arusha. Hela ya utalii inaingia Juni mpaka Oktoba, inarudi tena Desemba mpaka Februari, afu masika ikianza Machi mpaka Mei madereva, wapagazi, wapishi, mpaka wauza vinyago wanakaa nyumbani wanaangalia mvua. Mahindi nayo yana kalenda yake, yanavunwa katikati ya mwaka, Agosti yanashuka sokoni kutoka Babati, Kiteto na Karatu, bei kawaida inakuwa chini, afu inapanda polepole mpaka Machi, Aprili huko ndo inauma. Yani mahindi yanakuwa nafuu wakati mna hela na yanapanda wakati hamna. Watu wanne mkila ugali wa dona mara moja kwa siku, gunia la kilo 100 linakwenda miezi miwili na kitu. Nunueni magunia mawili Agosti, yafungeni, msiyaguse, yafungueni Machi. Masika yote mtakula, na mtu ambaye hana safari hata moja Aprili hatoi hela ya unga, ameshailipa wakati ana tipu mfukoni.

Kuhifadhi kuna masharti. Mahindi yakiwa na unyevu yanapata ukungu na sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupika. Pimeni hivi: chupa ya kioo kavu kabisa, tieni mahindi mpaka robo, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tikiseni, acheni kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi, yaanikeni tena au msiyanunue. Chumvi ikidondoka chini yote, yako sawa. Muuzaji akikuona na chupa atakucheka, mwache acheke. Afu yawekeni kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, ya plastiki ndani na kiroba nje, mkamue hewa mfunge kwa nguvu, dumuzi akiwa ndani anakosa hewa anakufa, hamhitaji dawa. Mfuko ukitoboka tu basi umekuwa kiroba cha kawaida, kwa hiyo uwekeni juu ya mbao, mbali na panya.

Mnaposaga chukueni dona, ukikoboa unaacha sehemu nzuri ya uzito mashineni na unalipia kukoboa juu. Kama lazima sembe, rudini na pumba zenu, kila mtaa una mama anayefuga kuku, mpelekeeni mpatane mayai.

Mboga na ndizi, Jumatano au Jumamosi mmoja wenu aende soko la Tengeru asubuhi, sio saa nane mchana. Mkungu mzima, sado ya nyanya, sado ya viazi, mnafu mafungu kadhaa. Sado ya nyanya kwa mtu mmoja ni hasara, nusu inaozea kwenye beseni, kwa wanne haifiki Ijumaa. Aliyeenda amebanana kwenye kifodi na mkungu miguuni, kumbukeni kumlipa nauli, asubuhi yake ya Jumamosi imekwenda, na ukitaka kujua watu wanachokaje na nyumba za pamoja ni hapo, yule mmoja anayekwenda sokoni kila wiki bila hata asante.

Gesi, gawanya bei kwa kilo dukani kwako kabla hujasema, mara nyingi mtungi wa 15 kilo inakuja rahisi kuliko wa 6. Ule mdogo msiuuze, uwe wa akiba usiku gesi ikikata na maharage yako jikoni.

Anayesafiri siku kumi analipa chakula?

Hili swali Arusha halikwepeki, nusu ya vijana wa mji huu wako mlimani au Serengeti. Jibu ni siku za watu. Bandikeni kalenda jikoni, kila aliyekula nyumbani siku hiyo anaweka alama kwenye jina lake. Mwisho wa mwezi hesabuni alama zote. Tuseme chakula kimetumia 240,000, wawili walikuwepo siku 30 kila mmoja, mmoja siku 24, na mpagazi wetu siku 12 tu. Jumla siku 96. Gawanya, inakuja 2,500 kwa siku. Wale wawili 75,000 kila mmoja, wa siku 24 anatoa 60,000, mpagazi 30,000. Hamna mtu ameonewa na hamna mtu anahitaji kuwa na roho nzuri, ambayo ndo ninachokipenda kwenye huu utaratibu.

Wageni wanaingia kwenye kalenda hiyohiyo. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi mjini hatuna jembe, kwa hiyo siku ya tatu mgeni anawekewa alama kwenye jina la aliyemleta. Hiyo inamhusu shemeji anayekuja wikiendi na kuondoka Jumatano, inamhusu pia binamu aliyetoka Rombo kutafuta kazi "kwa wiki moja". Binamu mwenyewe kama hana hela mpeni kazi inayojulikana, yeye ndo wa Tengeru na kusaga, na alama zake zifutwe. Iandikwe lakini. Kazi ya mdogo wa mtu isipoandikwa inageuka utumishi, na mama yake huko nyumbani atasikia tu.

Nani anashika hela

Sio yule mwenye kipato kikubwa, na sio mtu mmoja mwaka mzima. Zungusheni kila miezi mitatu. Hela ya kila siku, luku na sokoni, ikae kwa mshika hela na kila matumizi picha ya risiti au meseji ya tokeni inapandishwa kwenye grupu la WhatsApp siku hiyohiyo. Hela kubwa, yani kodi ya miezi sita na ya magunia, iwekeni sehemu ambayo mtu mmoja hawezi kuitoa akiwa na shida zake. Watu wa Vodacom wana M-Koba, ile ya vikoba, mmoja akiomba kutoa wenzake lazima waidhinishe. Kila mtu aweke humo moja ya sita ya kodi yake ya miezi sita kila mwezi. Aliye kwenye utalii aweke mbilimbili msimu ukiwa mzuri ili Aprili na Mei asidaiwe kitu, hilo mkubaliane mapema Juni, sio Aprili mtu akiwa amechacha ndo anaomba huruma.

Vitu vya ndani msichange

Friji, sofa, jiko, ruta, kila kimoja kiwe na mwenyewe mmoja. Mmoja anunue friji, mwingine jiko na mtungi, mwingine makochi, thamani zikaribiane tu. Friji ya kuchanga watu wanne haina namna nzuri ya kuigawa, na nimeona watu wazima wakiiuza kwa bei ya kutupa ili tu kila mtu apate chake waachane.

Mtu akiondoka basi anachukua chake. Mfuko wa siku hadi siku mnaupiga hesabu mpaka siku ya mwisho ya alama zake. Luku iliyobaki kwenye mita anaiacha, ni ndogo. Ila magunia ambayo hayajafunguliwa anarudishiwa sehemu yake kwa bei mliyonunulia Agosti, sio kwa bei ya Machi, maana akidai ya Machi anawafanyia wenzake biashara. Kama anapendelea mahindi yenyewe, mfuko unafunguliwa, anapimiwa kwa debe, na uliobaki mnaukamua hewa tena mnaufunga siku hiyohiyo.